Mi Njo Nilimufundisha Fidélie Kufundisha

Siku ya kazi moja, tarehe 3 mwezi wa tano 1993

Leo mutoto yangu Fidélie anakuwa mwalimu. Gafula, sawa mutu anaanguka mu maji. Direkteri ya masomo alipita hapa asubui, akamukuta anafua, akamuuliza: ulimaliza sekondari? Fidélie akasema karibu. Direkteri akasema: karibu inatosha, kuya kesho.

Njo vile sasa. Tangu banafukuza bantu ya Kasai hapa Kolwezi, masomo inabakia na milango tu. Kila mutu alijua kama bamwalimu bengi ni Bakasai. Leo kila mutu anajifanya anashangaa! Madarasa matatu banayakusanya mu chumba moja. Benchi ni kidogo, batoto bengine banaikala juu ya matofali. Chaki hakuna.

Na inspekteri atakuya kazi tano ya juma yenye kukuya. Akiona Fidélie anaweza, atabakia. Akiona hapana, kazi itaenda kwa mutoto ya shangazi ya direkteri. Ule eko tayari, suruali ya pasi anavaa kila siku. Na sisi, tangu Kampuni ya shaba inaacha kulipa, unga yenye wazazi banamupatia mwalimu njo itakuwa bukari yetu. Nyingine haiko.

Fidélie anasema: Tata, niende ku gare nimuulize Mama Mushiya.

Mushiya njo alikuwa mwalimu ya ile darasa. Ni jirani yetu, mulango wa tatu. Sasa eko ku gare na bwana yake Kabeya na mutoto wabo Bilonda, chini ya turubai, pamoja na bengine, banangoja gari ya moshi ya kubapeleka kwabo Kasai. Kwabo! Kabeya alizaliwa hapa hapa. Kasai anaijua sawa mi najua mwezi.

Nikasema hapana. Kwanza, kuko bijana banasimama ku njia ya gare, banaangalia nani anapeleka chakula. Mwalimu akionekana kule, kazi inaisha mbele ya inspekteri kufika. Ya pili, Kabeya alienda bila kuniaga. Banasema mawe ilikuwa inaanguka juu ya bati yake. Mawe si sababu! Ya tatu, mi niko hapa. Mi Kalenga, kapita ya carrière, musimamizi ya bakazi kule shimo ya kuchimba shaba. Bakazi bapya nilibapokeaka, benye kutoka Sandoa na Mutshatsha, hawajaona hata ngazi, nikabafanya bantu. Batoto ni bantu bafupi tu.

Nitamutayarisha mi mwenyewe.

Siku ya kazi mbili, tarehe 4

Somo ya kwanza, mu lupango, inje ya nyumba, mapema. Nilimupa Fidélie filimbi yangu ya kapita. Nikamuonyesha kusimama: miguu mbali, tumbo mbele. Akasema hana tumbo. Nikasema itakuya. Bibi yangu Simone, mama ya Fidélie, alikuwa anachagua maharagi, akacheka mupaka maharagi ikamwangika. Mutu hajasimamia bantu maisha yake yote, anacheka!

Kisha tukaenda ku masomo, mi nyuma, na kaske yangu ya kazi ku kichwa kusudi batoto baone kama kuko mukubwa. Batoto walikuwa banapiga makelele sawa soko ya Fungurume siku ya posho. Fidélie akapuliza kidogo. Nikasema: nguvu! Akapuliza nguvu.

Masomo muzima ikatoka inje. Madarasa yote! Banafikiri ni récréation, saa ya kucheza. Mwalimu ya darasa ya sita naye akatoka, mukate mu kinywa. Kubarudisha ndani ilikula asubui yote. Direkteri akaniuliza mi ni nani. Namna gani hanijue?

Filimbi ni nzuri. Nyumba njo ilijengwa mubaya, kuta ni nyembamba.

Siku ya kazi tatu, tarehe 5

Ninapata! Kule carrière hatukuitaka majina. Mutu akiingia, anatundika jetoni yake, kile kichuma chenye alama yake, ku tablo ya misumari. Akitoka, anaitwaa. Kapita anaangalia tablo, anajua nani eko mu shimo, nani alipanda. Na poste, zamu ya kazi, haifungwe kama jetoni ya mutu moja haijajulikana iko wapi. Ile sheria iliokoa bantu.

Basi nikapiga misumari ku ubao, nikakata makopo ya sardini, kila mutoto jetoni yake. Kuandika majina ilinisumbua kidogo. Si juu sijui! Ni juu majina ya leo ni ndefu. Abigaëlle — ile ni jina ao ni gari ya moshi? Nikaweka A tu, na kichwa ya samaki yenye ilikuwa tayari ku kopo.

Kuko mutoto moja, Mignonne, anaikala mbele, mudomo kama mukasi. Anasema: Tata Kapita, na ya Bilonda?

Nikasema Bilonda hayuko, eko ku gare na bazazi yake.

Anasema: kule carrière, mutu akigonjwa, jetoni yake munaitupa?

Nikasema hapana, inamungoja.

Anasema: basi.

Nikaikata. Sheria ni sheria. Fidélie aligeuka ku dirisha, sijui alikuwa anaangalia nini.

Siku ya kazi ine, tarehe 6

Tablo inajaa! Kila musumari na jetoni yake, inangaa, mupaka nikaita direkteri akuye kuona. Nikamuambia Fidélie: ona, bote beko. Akaniambia: Tata, geuka nyuma.

Nikageuka. Chumba nusu. Matofali tupu.

Bengine beko soko banauza mafuta, bengine banalinda mustari wa maji, na jetoni zao banapatia barafiki babatundikie. Mignonne peke yake alitundika za barabara muzima. Nikamukaripia. Anasema: lakini Tata, tablo iko sawa!

Kule kwangu carrière ile kitu haikufanyikaka hata siku moja. Nilisema vile ku chakula. Simone akakohoa. Akakohoa tena. Nikamuambia anywe maji.

Na jetoni ya Bilonda nayo ilikuwa inaninginia. Nani aliitundika? Nikaitosha, nikaitia mu mufuko yangu.

Siku ya posho, jumamosi, tarehe 8

Fidélie alienda ku gare! Alienda na beseni ya sombe, majani ya muhogo ya kupikwa, ku kichwa, kitambaa juu, sawa mutu anaenda kuuza. Simone alijua. Sombe haijipike yenyewe.

Nilikasirika mupaka nikakosa hamu. Kisha nikala.

Anasema Mama Mushiya alimuikalisha chini ya turubai, katikati ya sufuria na bagonjwa, akamufundisha mupaka jua ikageuka. Anasema:

Usishindane na makelele, ni mengi kukupita. Sema chini-chini. Bale ya mbele batanyamaza kusudi basikie. Bale ya nyuma batanyamaza kusudi bajue bale ya mbele banasikia nini.

Chaki haiko? Muhogo mukavu inaandika.

Madarasa matatu mu chumba moja? Mukubwa apewe badogo babili, abafundishe. Akifundisha, yeye mwenyewe atajua.

Na mutoto akilala, usimupige. Umuulize kwanza kama alikula.

Nikasema: njo ile tu? Ile hata mi ningesema.

Kabeya naye alituma maneno: umuambie ule kapita kama darasa si carrière, na filimbi yake tuliisikia mupaka huku.

Nikamuambia Fidélie: umuambie, mutu asiyeniaga asinitumie maneno. Kisha nikauliza kama ile kikohozi ya Kabeya ya usiku iliisha. Fidélie anasema hapana, inazidi, chini kunalala maji. Nauliza tu. Ni mutu mubishi yule. Pompo ya kinga, ya kutia hewa mu baiskeli, ni moja tu mu barabara yetu, ni yake, na kila mara ukimuomba anataka kwanza ujibu kama mupira yako ilitoboka namna gani. Sasa pompo iko ndani ya nyumba yake imefungwa, na funguo alimuachia Simone. Simone! Si mi.

Funguo nilimunyanganya Simone leo. Bijana babili walikuwa banazunguka ile nyumba, banapima madirisha na macho. Nikaikala mbele ya mulango na kaske yangu mupaka baende. Nilikuwa napumzika tu.

Siku ya kazi moja, tarehe 10

Leo Fidélie alisema chini-chini. Ikafanya! Kimya mupaka nikasikia inzi. Mi niko nyuma sikusikia kitu, nikauliza nguvu: unasema nini? Batoto bote wakageuka: Tata, chuuut!

Mambo ya sauti mi nilimuambiaka tangu mwanzo, nafikiri.

Muhogo inaandika muzuri. Hatari ni moja: batoto banakula chaki. Abigaëlle alifuta na ulimi mustari muzima ya hesabu. Fidélie akamuuliza kama alikula asubui. Akasema leo ni zamu ya bakubwa kula, yake ni kesho. Fidélie akamupa kile kipande kingine cha muhogo. Yeye mwalimu akabakia anaandika na kidole mu vumbi ya sakafu.

Nilitoka inje kidogo. Kulikuwa na vumbi mule.

Jetoni ya Bilonda iko tena ku musumari! Nikatia mukono mu mufuko — jetoni ya Bilonda iko mu mufuko yangu. Nikaangalia karibu. Ile mu mufuko ni ya sardini. Hii ni ya kopo ya tomate, inakatwa na meno, nafikiri. Nikamuangalia Mignonne. Anaangalia juu ya bati sawa malaika.

Nikaiacha. Inapamba tablo.

Siku ya kazi ine, tarehe 13

Mubaya. Kijana moja alimusimamisha Fidélie ku njia, akamuambia: mademoiselle, tunajua beseni yako. Tukikuona tena ku gare, na inspekteri atajua.

Nikamukataza. Nilitumia sauti yangu yote. Akanijibu chini-chini: ndiyo, Tata. Ile njia mubaya ya kujibu! Nani alimufundisha?

Banasema wagoni zinafika. Banasema kila siku. Mi siamini gari ya moshi mupaka inikanyage.

Kesho inspekteri. Simone alipiga pasi nguo ya Fidélie na makaa ya mwisho. Mi nilisafisha kaske.

Siku ya kazi tano, tarehe 14

Ninaandika hapa juu ya meza ya mwalimu. Peke yangu.

Asubui bote walifika. Bote, na vichwa, si jetoni tu! Bakubwa na badogo babo, muhogo inaandika, hakuna mwenye analala. Ingekuwa inspekteri alifika ile saa, angelia. Hakufika.

Kisha gari ya moshi ikalia kule gare. Mara moja, ndefu.

Hakuna mutoto aliyesimama. Ile njo iliniumiza. Bote waliacha tu kuandika. Mignonne akasema: mwalimu, ni Mama Mushiya anaenda?

Fidélie akaniangalia mi. Nikamuambia: inspekteri! Nikamuambia: unga! Nikamuambia: bale bijana! Yote ni kweli, nilisema kweli tupu. Akangoja nimalize. Kisha akasema, chini-chini mupaka na mi nikainama kusudi nisikie: kila mutu na jetoni yake.

Wakasimama mustari. Bila filimbi. Moja-moja wakapita ku tablo, kila mutu akatwaa yake, hakuna aliyetwaa ya mwenzake, wakatoka, mukubwa anashika badogo mukono. Fidélie mbele, na nguo ya pasi. Kapita kama mi sijaona équipe ya bakazi inatoka vile.

Nikabakia. Mutu lazima abakie ku tablo, njo sheria.

Inspekteri akafika juu ya kinga yake, Tata Tharcisse, jasho mupaka ku miwani. Anauliza: darasa ya Mademoiselle Fidélie iko wapi?

Nikasema: leo ni somo ya inje.

Anasema: inje wapi?

Ile saa upepo ikageuka. Kule gare batoto banaimba wimbo ya darasa ya kuagana. Mbali, lakini unasikia. Tata Tharcisse akasikia. Akafuta miwani.

Anasema: ile ni darasa yake?

Nikasema masikio yangu iliharibika na dinamiti.

Anasema: bon, naenda kuona kwa macho yangu. Lakini kwanza nimusalimie direkteri.

Akaenda kumusalimia direkteri. Kinga ikabakia inaegemea ukuta, na mi nikabakia na kinga. Mupira ya nyuma ilikuwa na hewa mingi sana. Ile ni hatari, mupira inaweza kupasuka, mutu akaumia. Nikaisaidia. Na ya mbele.

Akarudi. Akainama, akaangalia, akaniangalia. Nilikuwa nafagia. Anauliza: Tata, mu hii barabara nani ana pompo?

Nikasema: Kabeya.

Anasema: Kabeya gani?

Nikasema: jirani yangu. Fundi mukubwa, lakini mubishi. Anaikala pale, mulango wa tatu. Ubishe nguvu, hasikie muzuri.

Funguo iko mu mufuko yangu, pamoja na jetoni ya sardini.

Sasa namuona ku dirisha. Anabisha. Gari ya moshi haijaenda bado, batoto banaimba bado. Tablo mbele yangu ni misumari tupu. Hata ile ya tomate haiko, waliibeba. Kwa mara ya kwanza tablo inasema kweli, na sitoki hapa mupaka zirudi.

Anabisha tena. Bantu banatoka ku milango. Bale bijana babili nao banasimama, banaangalia mutu mukubwa ya serikali, miwani ku macho, anaita katikati ya barabara: Hodi! Tata Kabeya! Tata Kabeya, uko?

Aite. Aite nguvu.