Wimbo Wako Niliodhani Umeuuza

Mjambere, Kisauni,
Mombasa.
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa dada Nyamvula,

Salamu nyingi zikufikie huko Bremen kwenye baridi yako. U hali gani? Kifua kimepona? Shangazi Josephine alituambia ulikohoa mwezi mzima na bado ukawa unawainua wazee wa watu vitandani kama kawaida yako. Na mwanao Ruwa, bado anagoma kula viazi? Sisi huku hatujambo, Mungu ashukuriwe. Joto limeshaingia, maji ya mfereji yanakuja Jumanne na Ijumaa, tena yakijisikia. Goti la nyanya yetu Hawe limepungua maumivu tangu alipoacha ile dawa ya kuchua aliyouziwa mlangoni na mtu asiyejulikana atokako. Mimi ni mzima, isipokuwa roho.

Najua umeshangaa kuona karatasi. Umenifungia simu tangu mwezi wa nane, nami nimeona posta bado haijajifunza kumfungia mtu. Nyuma ya bahasha nimeandika jina la mamako, Shangazi, ili ufungue. Ndiyo, ni hila. Maadamu umeshafungua, tafadhali soma mpaka chini. Nataka unisamehe, na msamaha huo nauhitaji upesi, kwa sababu utakayoiona mbele.

Kwanza nitimize ahadi. Mwezi wa saba, kabla hatujakosana, uliniomba majina ya waimbaji wa kusikiliza ndani ya treni ya kwenda kazini. Ulisema, "Wewe ndiye mjuaji wetu." Nilivimba kichwa siku tatu. Si unanijua nilivyo? Mimi ndiye mtu pekee Kisauni nzima anayevaa kofia ya marvini ya sufu mwezi wa pili, jasho likinitiririka hadi kwenye ndevu, nikiulizwa nasema sisikii joto. Chai nanywea chupa ya jemu na kabatini kuna vikombe sita. Nilinunua mashine ya santuri, na santuri sina hata moja. Nikimpenda mwimbaji, halafu nikamsikia mtu wa bodaboda akiuimba wimbo wake, basi, namwacha siku hiyo hiyo. Siku hizi nashuku kwamba muziki wenyewe siupendi. Napenda tu kuwa peke yangu ninayeupenda.

Haya, wa kwanza ni Kimani wa Changamwe. Anapiga gita lenye nyuzi nne. Mbili zilikatika, akasema ndivyo alivyotaka. Nyimbo zake zote ni za malori yanayopita bila kusimama, na sauti yake ni ya mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Nampenda sana, lakini namtilia shaka. Suruali yake imechanika magoti yote mawili, mahali pamoja, kipimo kimoja, na umaskini ninaoujua mimi hauchani nguo kwa rula. Nikapelelezapeleleza. Kumbe babake ana duka la vifaa vya ujenzi, la ghorofa. Siku moja aliimba wimbo wa njaa akasita katikati, akabeua, na harufu ilikuwa ya pilau. Hata hivyo msikilize ule wa lori la tatu. Utalia, halafu utaona haya kwamba umelizwa na Kimani.

Wa pili ni Wairimu, mwalimu wa chekechea pale Miritini. Ana wimbo wa dakika kumi na moja kuhusu kikombe. Unangoja kivunjike, na hakivunjiki. Mara ya kwanza kwenda kumsikiliza tulikuwa watu saba: watatu ndugu zake, mmoja alikuja kuchaji simu. Mara ya pili tulifika kumi na wawili, nikanuna kabisa, nikaona ameanza kujipendekeza kwa umati. Kwa treni yako anafaa, dakika arubaini na tano ni nyimbo zake nne.

Sasa wa tatu, na hapa ndipo palipo kidonda.

Mwanzoni mwa Agosti nilipata kaseti. Ndiyo, kaseti, na redio ya kuichezea ikabidi niiazime kwa fundi. Juu yake pameandikwa neno moja kwa wino wa kijani: Fancy. Hakuna picha, hakuna namba ya simu. Nikafurahi, nikasema huyu ni wangu. Nikasikiliza. Sauti ya msichana, ya chini chini, na nyuma yake ukwaruzo: krr, krr, krr, kimya kidogo, kisha krr tena. Siku ile ile nikaandika kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, wenye wasomaji kumi na tisa na wewe ukiwa mmoja wao wakati huo, kwamba ukwaruzo huo ni "kilio cha chuma cha mji wa bandari." Nakunukulia ili nione haya vizuri. Katikati kulikuwa na jogoo anawika. Nikaandika kwamba jogoo ni ujasiri.

Ndipo ukaingia wimbo wa nne. "Nyamvula, mvua ya mwaka wa kiu, umefika na mtungi umejaa." Dada, nywele zilinisimama! Huo ni wimbo wako wa jina. Na wewe wajua nyumbani kwetu mambo yalivyo: kila mjukuu Hawe alimtungia wimbo siku ya kuzaliwa kwake, na wimbo wa jina ni wa mwenye jina. Haupewi mtu wa nje mpaka mwenyewe aridhie. Sasa mgeni ameupata wapi, tena hajakosea hata neno?

Nikaanza kuhesabu nani anaujua. Hawe hatoki barazani, na kaseti kwake ni kitu cha zamani za babu. Mimi sikusema. Ukabaki wewe. Nikakumbuka siku ya kukuaga ulivyoinua simu juu kumrekodi Hawe akikuimbia. Nikakumbuka Shangazi alisema umenunua koti jipya. Koti! Mtu akishaanza kushuku, kila kitu kinakuwa ushahidi, hata nguo ya baridi ya mtu anayeishi kwenye baridi. Sikumwuliza mtu yeyote. Nikairekodi ile sauti kwa simu, nikakutumia. Sitairudia yote, neno baya kupita yote unalo bado moyoni: "Umemuuza Hawe." Ukanijibu maneno mawili tu, "Muulize Hawe," halafu ukanifungia.

Nami sikumuuliza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilijidanganya kwamba namkinga mama mzee asije akapata presha. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa na hakika, na mwenye hakika haulizi. Hata jibu lako nikalishuku. Nikasema, anajua sitamuuliza Hawe, ndiyo maana anathubutu kuniambia hivyo. Hebu ona akili hizo.

Oktoba nikapata habari kwamba Fancy ataimba kwenye gereji moja Changamwe. Nikaenda kama mpelelezi. Nilivaa miwani ya jua ndani ya jengo, nikajikwaa kwenye jeki, nikakaa nyuma kando ya lori lililotolewa injini. Watu walikuwa zaidi ya ishirini na hata kununa nilisahau. Msichana mwenyewe ni mtu wa Kericho, karani kwenye bohari ya makontena, alikuja na shati lake la kazi. Alipomaliza wimbo wako nikamfuata, nikamwuliza kwa sauti ya hakimu, wimbo huu umeutoa wapi?

"Kwa nyanya mmoja wa mahamri, huko Mjambere," akasema. "Mlango wa kijani, karibu na kanisa." Kisha akanikodolea macho. "Ebu toa hiyo miwani. Aki si wewe ndiye yule wa hedifoni? Tangu mwezi wa tano nakusalimia kila asubuhi na unanipita tu kama nguzo ya stima!"

Mlango wa kijani ni wetu, dada. Miezi mitano msichana yule amekaa barazani kwetu akila mahamri na mbaazi kabla ya kwenda kazini, na Jumamosi anaingia ndani kumsaidia Hawe. Kaseti aliirekodi jikoni kwetu. Kile kilio cha chuma cha mji wa bandari ni Hawe amekalia mbuzi, anakuna nazi ya mbaazi. Ule ukimya ni pale anapogeuza kifuu. Na jogoo wa ujasiri ni yule yule ninayemtupia kandambili kila asubuhi. Yote yalikuwa hatua nane kutoka kitandani kwangu, nami nimeziba masikio kwa hedifoni natafuta waimbaji wasiojulikana.

Nilirudi nyumbani nikavua marvini. Kesho yake asubuhi nikakaa chini kando ya mbuzi, nikamwamkia shikamoo, nikamwuliza. Hawe hakuacha kukuna. "Nilimpigia Nyamvula kwa simu ya Josephine," akasema. "Nikamwomba, akaridhia. Ndipo nikampa yule mtoto." Nikasema, lakini Hawe, mtu wa kupita tu? "Wa kupita ni wewe. Yeye alikaa, akaniomba. Wewe uliniomba lini?"

Nikamwomba radhi. Akasema yeye sikumkosea, niliyemkosea ni mwenye wimbo. Halafu akasema, kama anayetaja bei ya unga imepanda, "Nyimbo zinaniponyoka siku hizi, Masha. Nampa anayekaa."

Hapo ndipo nilipomwomba aniimbie wangu. Miaka thelathini na moja ninayo, nadhani ni mara ya kwanza kuomba. Akaweka nazi chini, akafuta mikono. Mistari miwili ikatoka vizuri, alipofika penye neno la kinu akasimama. Akarudia. Akasimama pale pale. Akanitazama kwa shaka, kana kwamba ni mimi niliyeuchukua. Sasa ni wiki ya nne, kila asubuhi anajaribu, na kila asubuhi unamkatikia penye kinu. Nimeanza kuamka mapema ili niwepo. Wako anaujua wote, kwa sababu Fancy anauimba naye. Wangu haukuwa na wa kuuimba. Nilimwuliza Baba, hakumbuki hata neno. Naogopa, dada. Naogopa kweli.

Shangazi ndiye aliyenikumbusha. Alisema wimbo wangu alikuwa akiusikia kwako. Ulikuwa na miaka tisa, umenifunga mgongoni kwa leso, unakwenda bombani kuchota maji, nami nalia na wewe unaniimbia ninyamaze.

Basi orodha yangu inaishia hapo. Wa nne ni msichana wa miaka tisa mwenye ndoo. Hajawahi kutoa kaseti, hajawahi kuandikwa kwenye bango, na msikilizaji wake alikuwa mmoja tu, tena mkojozi. Kwa maringo yangu yote ya kuwajua waimbaji wasiojulikana na mtu, huyo sikumjua, na ndiye niliyemwita mwizi.

Nisamehe, Nyamvula. Nilikutuhumu bure, na koti lako livae kwa raha. Kama unaukumbuka uliobaki, nifungulie simu. Kama hasira bado ipo, usinisemeshe mimi. Mpigie Hawe kwa simu ya Shangazi umwimbie yeye, nami nitakaa nje ya mlango. Ruhusa ya wimbo ni ya mwenye jina, basi naitoa hapa kwa mwandiko wangu: uimbe, mwimbie Hawe, mfundishe hata Ruwa. Lakini usikawie. Chini ya jina langu nimeandika mistari miwili aliyobaki nayo Hawe, nikaacha nafasi.

Baba anakusalimu sana, anauliza kama huko kuna mihogo. Shangazi Josephine anasema usivue soksi. Fancy, ambaye sasa namwitikia salamu, anakushukuru kwa wimbo. Hawe anakusalimu na kukuombea: popote uingiapo ukute maji, na popote utokapo waulize utarudi lini. Mbusu Ruwa.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye na kukuonea haya,

Masha


Masha, mgeni wa alfajiri, umekuja bila hodi,
maji yako yako motoni, unga wako u kinuni,

..........................................................

..........................................................