Kufuli la Mlango wa Mama

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na wanangu. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulilalamika kama mzee wa miaka tisini, nikacheka peke yangu jikoni. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, analala vizuri, na bado ananiita kwa jina la shangazi, nami naitika.

Najua unataka habari za kufuli kabla ya yote, na za lile geti la chuma unalotaka kuja kuliweka likizo hii. Nitakueleza, ila tafadhali usikasirike kabla sijamaliza.

Unakumbuka tulivyohangaika na kutoroka kwa mama. Mimi nikiondoka tu kwenda kazini, yeye anavaa viatu, anachukua mkoba, huyoo. Tulidhani anapotea, mpaka mlinzi wa benki akanieleza kwamba mama hapotei hata kidogo, anafuata foleni. Leo benki, kesho zahanati, keshokutwa ofisi ya maji. Anapiga soga na watu, na akifika dirishani anamwambia karani kwamba hana shida yoyote, anashukuru, anarudi nyuma kupanga upya. Karani wa maji alinilalamikia kwamba hajawahi kuona mteja mwenye adabu kama yule anayemchosha kiasi kile. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu pikipiki ikampitia, akaponea chupuchupu, akarudi na kiwiko kimechubuka, na kicheko kikaisha. Ukatuma kufuli, nikalifunga kwa mkono wangu. Sikulaumu, kaka. Hata mimi niliona tumefanya la maana.

Sasa nikupe habari za kiwandani. Pale tunaposhona mashuka kuna mlango wa dharura nyuma ya cherehani yangu. Msimamizi wetu, ambaye tukiwa peke yetu tunamwita Bwana Saa, aliupiga mnyororo kwa sababu wasichana wa kukunja walikuwa wanachomoka kabla ya muda. Hakuna aliyebisha. Mimi ndiyo kabisa, nilimtetea, nikasema watu wamezidi utoro.

Wiki iliyopita pasi ya mvuke ilipiga shoti. Moto ukashika vipande vya vitambaa karibu na mlango mkubwa, moshi ukajaa, tukakimbilia nyuma. Mnyororo. Bwana Saa alikuwa nje anamsindikiza mnunuzi, na ufunguo alikuwa nao yeye. Watu waligonga ule mlango kwa viganja, wengine wakiita majina ya watoto wao. Fundi wa mashine alichukua nondo akang'ang'ana na bawaba mpaka zikang'oka, tukatoka tunakohoa. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu. Wenzangu walikumbatiana wakisema tumenusurika.

Mimi sikukumbatia mtu, nilikuwa natimua mbio kwenda nyumbani. Kule kiwandani, nilipotia mkono mfukoni kutafuta kitambaa cha kuzibia pua, nilishika ufunguo. Mama alikuwa amefungiwa kwa nje, na ufunguo ulikuwa na mimi ndani ya moshi. Ningebaki mle, nani angemfungulia? Majirani walishazoea kumsikia akigonga. Ni mimi niliyewaambia wasijali.

Nilimkuta kwenye kiti, ameuelekea mlango, viatu miguuni, mkoba mapajani. Aliniuliza kwa heshima, kama mtu anayeongea na karani, kama zamu yake imefika. Kaka, kilio kilinitoka kwa sauti. Nikamwambia imefika, mama, nikamshika mkono, tukaenda benki mimi nikiwa na masizi usoni, tukapanga foleni.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Ile ovataimu niliyokuwa nasema tunalazimishwa, hakuna aliyenilazimisha. Niliiomba. Nilikuwa naikwepa nyumba. Kila jioni mama ananiuliza kama baba amekula, na anauliza tena kabla sijavua viatu, na mimi nilichoka kumwambia kwamba baba alishafariki na kumwona akilia upya. Kwa hiyo lile kufuli halikuwa la pikipiki tu. Lilinifanya nikae mbali naye bila wasiwasi. Inaniuma kukuandikia hivi, lakini ndiyo kweli yenyewe.

Ovataimu nimeiacha. Asubuhi namvusha barabara mpaka zahanati, mapokezi wamempa nafasi kwenye benchi, mlinzi wa benki ana namba yangu, na nikitoka kazini nampitia. Akiuliza kuhusu baba namwambia amekula, ameshiba, na anafurahi. Siwezi kukuahidi kwamba hataumia tena. Nikikuahidi hivyo nitakuwa nakudanganya.

Kufuli nimelitupa. Geti usilete, nakuomba. Wewe njoo, ukae nasi hata kama hatakutambua siku ya kwanza. Ukipiga simu anadhani ni watu wa umeme, ndiyo maana anakata haraka, usichukie. Siku ile benki nilisimama nyuma yake nikamsikiliza. Zile zote tulizodhani ni soga, kumbe anamgusa bega kila aliye mbele yake, anamweleza urefu wako na lile kovu la kidevuni, kisha anamwuliza kama amekuona huko alikotoka.

Msalimie wifi, wabusu watoto, na goti ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba