Mayungiyungi ya Nyabugogo

Dada yangu Goreti,

Asubuhi hii nimeshuka bondeni Nyabugogo, nyuma ya stendi ya mabasi, kule tulikokwenda mwaka wa tisini ukitafuta ua. Yule mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa alikuwa amekuagiza umtarizie mito ya makochi, kila mto na ua analokalia mungu wake wa kike. Fundi wewe, ukakataa kunakili picha. Lazima ulione kwanza. Tulilowa hadi magotini, ukampelekea yungiyungi ndani ya beseni.

Alicheka sana. "Hii si yenyewe. Yetu inasimama juu ya maji, yenu inalala."

"Yetu iko nachoka, mama. Muiache ipumzike," ukamjibu, na ukatarizi hilo hilo lililolala. Akalipenda, akaagiza mengine.

Ulinifundisha mengi ya ua lile. Kwamba hujifumba mchana, na bibi yetu akiliona limefumba alijua ni saa ya kuacha jembe. Kwamba mizizi yake iliwahi kuliwa wakati wa njaa. Mimi nilikuwa nakutania tu kwamba umepata mchumba majini.

Kisha, miaka minne baadaye, ikaja ile Aprili ya mauaji. Wewe ulikuwa unatafutwa kwa jina, hukutaka wakukute nasi. Ulitusukuma mimi na mama tushike njia ya Kabuga, wewe ukaingia kwenye mafunjo ya bonde hili hili. "Muende. Niko nakuja nyuma," ulisema. Hatujakuona tena.

Sasa vita vimekwisha, na Jumapili tunaondoa kilio chako, tumalize matanga. Jirani yetu mpya, aliyekulia Tanzania, alituletea mayungiyungi tuyazike badala yako, kwa kuwa hatuna mwili. Akasema kwa upole, "Mama, ua hili hutoka kwenye tope likiwa safi."

"Mtoto yangu ilikuwa safi tangu zamani, mbele ya kuingia mu tope," mama akasema.

Jirani alilia. Nilimwonea huruma, maana alikuja kwa wema.

Ndiyo maana nimeshuka peke yangu. Mayungiyungi yamejaa bonde zima, mazuri kuliko zamani, na ninayachukia. Nilikuita kwa sauti ndogo. Niliogopa kwamba hutaitika, na niliogopa zaidi kwamba utaitika kutoka mle ndani.

Hatutazika ua. Tutasali, tutakunywa pombe ya mtama, tutanyoa nywele, watu watarudi makwao, na wewe utakuwa umekufa. Mama amekubali. Mimi bado.

Kwa hiyo kama uko hai mahali, hata kambini, hata kama umeolewa na umetusahau, njoo kabla ya Jumapili. Ukichelewa, ukatukuta tumeshanyoa, piga hodi hivyo hivyo. Tutaaibika mbele ya watu wote, na sijawahi kuitamani aibu kama ninavyoitamani hiyo.

Ni mimi, mdogo wako wa mwisho.