Gesi ya Tanuri la Ami

Jumanne, 10 Septemba 2013

Wamesaini mkataba wangu wa kununua gesi kwa pamoja! Maduka, karakana, hata Généreuse wa duka la dobi. Mwenye duka dogo akienda peke yake kununua gesi, kampuni hazimsikilizi. Tukiungana zinatupigia simu zenyewe! Bei moja, miaka miwili, haipandi wala haishuki.

Ami Anverali tu ndiye kakataa. Mdogo wake baba, mwenye bekari kule Brampton, hapa Kanada. Kasema mbele za watu pale msikitini, biriani mkononi: amenunua kuni na unga tangu Tanga, leo katoto kamfundishe kununua gesi? Yeye atakwenda na bei ya soko, mwezi kwa mwezi.

Nikacheka, nikammiminia chai. Hajui kwamba bila matanuri yake hesabu ilikuwa haifiki, tusingepewa bei ile. Nimemwingiza kwenye kiasi cha gesi tulichoahidi kununua. Asipojiunga, gesi ya ziada ni juu yangu. Ee Mola!

Ijumaa, 8 Novemba

Bei ya soko imeshuka. Généreuse kapiga simu: "Dada Razia, sasa sisi tuko wajinga, ou bien, ama vipi?" Nikamwambia asubiri baridi, bei itapanda. Sauti yangu mwenyewe sikuiamini.

Ami kanitania baada ya sala. Watu wakacheka. Shahid, mume wangu mzima, naye akacheka! Leo nimempa maharage matupu.

Jumanne, 7 Januari 2014

Baridi gani hii! Kope zinagandana. Mji mzima unawasha gesi ya kupashia nyumba joto kwa pamoja.

Jumatano, 5 Februari

IMEPAA! Bei ya soko imepaa, na yetu imekaa pale pale, kama bibi harusi!

Simu tangu asubuhi. Généreuse kalia, kisha kacheka, kisha kaniombea dua kwa Kilingala. Wale walionicheka sasa wananiuliza na umeme je, tutaununua lini? Nimecheza peke yangu jikoni. Nimecheza na mwiko! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu — na mkuu asiposikia la mdogo? Guu ni guu tu.

Jumapili, 23 Februari

Bei ya gesi imemwelemea Ami, kazima tanuri moja. Vijana wake wa asubuhi kawapunguzia zamu. Shahid anasema mpigie. Inaniuma, kweli inaniuma. Lakini nikianza mimi, atasema nimekuja kumcheka, atakataa tena. Namjua. Ni damu yangu, kaidi kama mimi.

Jumapili, 2 Machi

Amekuja! Na trei ya mikate bado ya moto. Yuko sebuleni sasa hivi, nami nimejificha jikoni naandika.

Mgeni haulizwi kilichomleta. Basi simwulizi. Kikombe cha kwanza, habari za theluji. Cha pili, goti lake. Cha tatu, Tanga, marehemu baba. Shahid ananikonyeza: mwambie nafasi yake ipo! Nimemkanyaga mguu.

Ipo, Ami. Ipo tangu Septemba. Sema tu.

 Kikombe kimewekwa. Anakohoa, anaita. Maisha yangu yote aliniita "wewe mtoto".

"Bi Razia," anasema. "Hebu njoo ukae hapa."

 Nimechukua birika —