Maungio Mawili Chini ya Rangi

Mpendwa mshauri wa redio, naomba msaada, ingawa mtaani kwetu mimi ndiye huombwa, maana nikichomelea chuma hata mwenye chuma haoni kilipounganishwa, na sura nayo haiko nyuma, basi mwezi uliopita nilitengeneza reli ya ngazi za ukumbi wa kanisa, zile za kupandia wanakosomea watoto, nikawa na mechi saa kumi na vijiti vya kuchomelea vimeniishia, maungio mawili ya juu nikayashikiza kidogo tu, nikaziba kwa puti, ule udongo wa kuzibia usiobeba uzito, nikasaga, nikapaka rangi, ikang'aa, watu wakapiga makofi, nami nikawahi uwanjani nikafunga bao.

Jumamosi mwalimu wa katekisimu akatuambia kila kitu Mungu amekipa kazi yake, na hata asiyejua kusoma ana sheria ndani yake inayomwambia tenda jema, epuka baya, na maisha mema ni kuishi kadiri ya ulichoumbiwa. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi nimeumbiwa kupendwa na warembo, niitii hiyo sheria?" Darasa likavunjika mbavu. Akatabasamu. "Haya, kipenzi cha warembo, na reli uliyotutengenezea imeumbiwa nini?" Alitoa mfano tu, hajui lolote, lakini niliushusha mkono.

Tangu hapo bibi yangu mzaa mama, mwenye goti bovu, akitaka kupanda ngazi zile, namwahi namvutia upande wa ukutani. Juzi kanicheka: "Mume wangu, leo mapenzi yamezidi! Niache nishike chuma chako."

Sasa mshauri, hakuna aliyeona, na serikali haijakataza puti. Kosa lisilojulikana nalo ni kosa? Nikienda kimyakimya Jumatatu nikachomelea, si yameisha?

Fundi mtanashati

JIBU

Wewe mtanashati, umenichekesha, kisha umeniudhi. Unauliza kama ni kosa na mikono yako imeshajibu. Nani alikutuma umvute bibi ukutani? Si serikali, wala si mwalimu, maana hajui. Ni sheria ileile uliyoifanyia mzaha darasani. Ulijua reli ni ya kumzuia mtu asianguke, na ukajua bibi si wa kuangushwa. Kujua hayo hakukuhitaji cheti.

Ila ulimsogeza bibi yako tu. Watoto wa wenzio je? Dhamiri inayowaona wa nyumbani kwako peke yao nayo imezibwa kwa puti.

Eti Jumatatu! Leo Ijumaa, keshokutwa ngazi hizo zitajaa. Zima redio, kazifunge kwa kamba sasa hivi mtu asipande, kisha umwambie mwalimu kwa mdomo wako, kabla hajakufuata yeye, maana huenda ananisikia. Kwenda kimyakimya ni kupaka rangi mara ya pili. Watakucheka, ndiyo, vumilia. Umepewa mkono wa kuunganisha vyuma ili watu wavitegemee, na raha ya kumwona mtu ameegemea kazi yako bila kuwaza, bao haliwezi kukupa.

Ukimaliza kuchomelea, egemea wewe kwanza, kwa uzito wako wote pamoja na majivuno. Ikikubeba, mwite bibi, umwachie mkono.