Soya Niliyoiunguza

Bernadeta, unakumbuka kule Lusu, kwenye mradi wa kuku wa kijiji cha ujamaa, bwana mifugo alivyotuambia soya lazima ikaangwe, kwamba kuku wakila mbichi haisagiki tumboni?

Mimi nilishika kukaanga tu, mwenzangu. Hata hapa Chemchem, kwa mwanangu Tobias, soya ya kuku naikaanga mimi, mpaka iwe nyeusi kama kahawa.

Sasa kuku wa Apolinaria, mke wa Tobias wangu, wamekonda na hawatagi. Juzi nikamsema mbele ya majirani kwamba anawapunja chakula.

Leo kaja mtaalamu wa mifugo, binti mdogo tu. Kachota soya, kainusa. "Nani anakaanga hii?"

Nikajifanya natafuta ungo.

"Ikiungua hivi protini yake inaharibika, tumbo la kuku haliiwezi. Wanashiba lakini haiwajengi. Ipueni ikianza kuwa ya kahawia."

Wanashiba lakini haiwajengi, Bernadeta. Na mimi nimemwita mtoto wa watu mchoyo.

Alipoondoka yule mtaalamu nikamfuata Apolinaria jikoni, nikamwomba radhi. Akaendelea kuchambua mchicha, kisha akasema, "Mama, ulinisema mbele ya watu. Nataka uniombe radhi mbele ya watu hao hao."