Kuinama Mbele ya Bariere ya Rughenda

Alhamisi, Butembo. Mvua ilipiga asubuhi, ikaacha saa tatu, na vilima vikabaki vimeoshwa kama sahani. Niko na furaha ya kijinga. Wacha niiandike kabla akili haijarudi.

Jumamosi Masika, dada yangu mudogo, anaolewa Beni. Barabara siku hizi inafungwa na kufunguliwa na wenye bunduki. Hatujui atarudi lini kutuona. Hakuomba sahani wala kitenge. Aliomba vilima vya kwetu, avitundike ukutani. Donc, basi, nilikaza shuka kwenye mbao, nikalipaka uji wa muhogo likauke, na wiki hii yote nimekuwa Rughenda, karibu na uwanja wa ndege, nachora.

Hakuna aliyenifundisha. Nimejifunza kimoja tu: ukitazama kilima umesimama, kichwa kinakudanganya. Kinasema majani ni kijani, na weye unapaka kijani. Lakini ukikigeuzia mgongo, ukainama, ukachungulia katikati ya miguu yako, kilima kinapinduka na kusahau jina lake. Inabaki rangi tupu.

Leo, kati yangu na kilima, kulikuwa na bariere ya waasi, kizuizi cha barabarani.

Sikuifikiria. Niliinama.

"Yaka awa!" Njoo hapa, kwa Kilingala; askari watatu walinijia mbio. Mkubwa wao, mufupi mwenye kofia ya sufu, alikuwa anatetemeka kwa hasira. "Weye papa, unatuonyesha matako? Mchana hivi?"

Kwetu mtu mzima akikugeuzia matako na kuinama, amekulaani. Hilo najua tangu utoto. Nililisahau kwa ajili ya kijani.

"Hapana, chef. Naangalia rangi."

"Rangi gani? Na hii? Ni carte, ramani ya uwanja wa ndege?" Akalikamata shuka. Kichwani nikamuona Masika akienda Beni mikono mitupu, na mimi nikiikosa harusi, niko cachot, nimefungwa.

Woga ulinitoa adabu. "Inama na weye, chef, utaona."

Wenzake wakaanza kucheka kwa pua. Akampa mmoja bunduki, akageuka, akainama. Alikaa hapo muda mrefu.

"Ee! Mulima inakuwa ya bleu!"

Basi, wote wakainama, nami pia, ili nisionekane mwenye kiburi. Mama mmoja aliyetokea upande wa kilima na mzigo wa sombe, majani ya muhogo, alikuta matako manne yamepangwa barabarani. Alipita bila kuulizwa karatasi.

Mufupi alisimama, uso umejaa damu, akanirudishia shuka. "Umepaka vert yote, kijani tupu. Bleu iko wapi? Muchoraji gani weye?"

Nimerudi nyumbani, nimeongeza bleu kule mbali, ambako milima inaanza kuyeyuka.

Alikuwa na raison, alisema kweli yule mutu. Inaniuma.

Masika ataondoka na vilima vizuri kuliko nilivyoviona mimi. Na akiniuliza nilijifunzia wapi bleu hii, nitakuwa na moyo wa kumwambia?